Sura ya Sita: Sarafu Hii ni ya Nani?

Kila Jumapili asubuhi, kwenye milango ya makanisa yetu, utamwona mzazi akiinama na kumtia mtoto sarafu kiganjani. "Ishike vizuri, usiichezee. Kapu likipita utumbukize." Mtoto huishika mpaka inalowa jasho. Kapu linapita, sarafu inatumbukia, mama anatabasamu, na shughuli imekwisha mpaka wiki ijayo. Sanduku la msikitini nalo hupokea sarafu za namna hiyo kila Ijumaa. Desturi hii ni njema. Mtoto angalau anakua akijua kwamba kapu lipo na kwamba watu wazima hawaliachi lipite hivi hivi. Lakini wazazi tuulizane: sarafu ile ni ya nani? Aliyeihangaikia ni mzazi, aliyeamua itolewe ni mzazi, na aliyepungukiwa ni mzazi. Mtoto ameisafirisha tu.

Shuleni mambo ni yale yale, na siku hizi yamezidi. Mwalimu anatangaza mchango wa kumsaidia mwanafunzi aliyeunguliwa na nyumba, ujumbe unafika nyumbani, baba anatuma hela kwa simu. Mtoto hazioni hata hizo hela. Mwisho wa wiki anaambiwa darasa lake limeongoza kwa ukarimu, naye anapiga makofi pamoja na wenzake bila kujua anapigia makofi jambo gani.

Ninachoshikilia katika sura hii ni kwamba mtoto hujifunza kutoa pale anapotoa kilicho chake, kwa uamuzi wake, mbele ya mtu mzima ambaye naye anatoa. Hayo matatu yakikosekana, tunamfundisha adabu ya ibada au utii wa darasani. Ni mambo mazuri pia, ila siyo haya tunayoyazungumzia.

Mwaka 2012 watafiti watatu wa Kanada, Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto ambao hawajatimiza miaka miwili. Kila mtoto alipewa vibiskuti vyake kwenye bakuli, kisha akaletewa kikaragosi kilichojifanya kuvipenda mno vibiskuti hivyo. Kuna wakati mtoto alimtazama mtafiti akikipa kikaragosi kibiskuti. Kuna wakati mtafiti alitoa kibiskuti kingine mahali pengine, akamwomba mtoto akipe kikaragosi. Na kuna wakati mtoto aliombwa atoe kimoja kutoka kwenye bakuli lake mwenyewe. Nyuso zao zilirekodiwa kwa video, na furaha yao ikapimwa. Watoto walionekana na furaha zaidi walipotoa kuliko walipopokea. Na furaha ilikuwa kubwa zaidi walipotoa cha bakuli lao kuliko walipokabidhi kibiskuti cha mtafiti. Mwaka 2015 matokeo ya aina hiyo yalichapishwa tena, safari hii kutoka kijiji cha kisiwa cha Tanna huko Vanuatu, mbali kabisa na miji ya Kanada.

Mtoto ambaye hajui hata kuhesabu mpaka tano anaijua tofauti kati ya changu na cha mtu. Anajua amepungukiwa, na bado uso unamng'aa. Sisi tunamkabidhi kibiskuti cha mtafiti kila Jumapili, halafu tunashangaa kwa nini akifika miaka kumi na mitano anakiona kila mchango kuwa ni ushuru.

Kuhusu uamuzi, Nadia Chernyak na Tamar Kushnir walionyesha mwaka 2013 kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliopewa nafasi ya kuchagua wenyewe, wabaki na stika yao au wakipe kikaragosi chenye huzuni, baadaye waligawa zaidi kwa kikaragosi kingine kuliko wenzao walioamrishwa kugawa. Na kuhusu mfano wa mkubwa, J. Philippe Rushton mwaka 1975 aliwachezesha watoto wa miaka saba hadi kumi na moja mchezo wa kushinda visarafu vya kubadilishia zawadi, baada ya kumtazama mtu mzima akicheza. Wapo waliomwona akiweka sehemu ya ushindi wake kwenye chombo cha kusaidia watoto maskini, na wapo waliomwona akibaki na vyote. Wengine walimsikia akihubiri ukarimu, wengine akihubiri uchoyo. Alichofanya kiliwashika watoto kuliko alichosema, na baada ya miezi miwili alama yake ilikuwa bado inaonekana. Mzazi anayemhubiria mwanawe ukarimu huku yeye akijificha chumbani mchangishaji anapobisha hodi, ajue anasikilizwa kidogo na anatazamwa sana.

Pwani tulikuwa na shule ya jambo hili muda mrefu kabla ya klabu yoyote ya huduma kusajiliwa. Mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, vichochoro vya Mji wa Kale Mombasa, vya Lamu na vya Unguja hujaa watoto wenye sahani zilizofunikwa kawa. Huyu anapeleka mhogo wa nazi kwa bibi wa nyumba ya tatu, yule anarudi na vitumbua. Sahani hairudi tupu. Ikikosa kingine itarudi na tende. Mtoto anayetumwa hivyo siku thelathini anawajua majirani wote, anajua nani anaishi peke yake, nani hawezi kutafuna, na nyumba ipi hupelekewa ya kwanza bila mtu kueleza kwa nini. Hakuna mkutano wala hotuba. Kuna njia anayoipita kila siku mpaka inakuwa yake.

Halafu inakuja fitri, na hapo ndipo ninapoona hekima kubwa zaidi. Zaka ya fitri humhusu kila mtu wa nyumba, hata mtoto aliyezaliwa juzi, na hutolewa kabla ya swala ya Idi: pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, yaani vibaba vinne, ambayo kwa mchele watu huikadiria kilo mbili na nusu hivi. Mkuu wa nyumba ndiye anayelipa, lakini kila jina lina pishi yake. Katika nyumba zinazofanya vizuri, watoto hukalishwa mbele ya gunia, kibaba kinatiwa, kinasawazishwa kwa kiganja, kinamwagwa kwenye mfuko, na mama anataja: hii ya Babu, hii ya Mwanaisha, hii ya mtoto. Mwanaisha wa miaka sita anajisawazishia kibaba chake. Anapouona mfuko umetuna, anajua kwamba kwenye orodha ya wanaotoa yeye ni mtu kamili. Ukimlipia kwa hesabu ya jumla kwenye simu, fitri imetimia kisheria, lakini mtoto hakuwepo.

Sasa tuje kwenye klabu za huduma, kwa sababu wasomaji wengi wa mijini huzijua kwa vibao vyao vya barabarani tu na hudhani ni mikusanyiko ya matajiri wa chakula cha mchana. Rotary ilianzia Chicago tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na rafiki zake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Shabaha ya kwanza ilikuwa urafiki na biashara. Huduma ilifuata, na kazi yao ya kwanza ya umma, waliyoanza kuipigania mwaka 1907, ilikuwa choo. Mji mkubwa ule ulikuwa na maelfu ya watu wanaoingia katikati yake kila siku bila mahali pa kujisaidia, isipokuwa ukiwa mteja wa baa au wa duka kubwa. Wenye bia na wenye maduka walipinga. Choo kikajengwa. Napenda watoto waanzie hapo wanaposimuliwa habari za kutoa, maana hakuna aliyepigwa picha ya kupendeza mbele ya choo, na hakuna asiyekihitaji.

Miaka kumi na miwili baada ya mkutano ule wa Harris, Melvin Jones, mtu wa bima wa Chicago hiyo hiyo, alianzisha Lions. Mwaka 1925 Helen Keller, asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Ombi lile ndilo lililozaa kazi ya macho ambayo Lions wanaifanya mpaka leo, na hospitali ya macho ya Loresho jijini Nairobi ni tawi la mti huo. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930, enzi ya mkoloni. Wanawake walifungiwa nje ya klabu zote mbili kwa miongo mingi. Lions waliwafungulia mlango mwaka 1987 na Rotary mwaka 1989. Msichana anayeongoza klabu ya shule leo anastahili kuambiwa jambo hilo waziwazi.

Kinachonivutia zaidi katika klabu hizi ni mambo ya kawaida kabisa ya uendeshaji. Kuna kengele ya kufungua mkutano. Kuna katibu anayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Kuna anayetoza faini za utani kwa aliyechelewa au aliyesahau beji, na hela hizo huingia kwenye mfuko. Rais hukaa mwaka mmoja tu, kuanzia Julai mosi kwa Rotary, kisha hurudi kuwa mwanachama wa kawaida na kupokea amri za aliyekuwa chini yake. Na kwa Lions kuna kanuni moja ambayo ningependa iandikwe ukutani katika kila shule: fedha zilizochangwa na umma hurudi kwa umma. Klabu huweka akaunti mbili. Ya kwanza ni ya ada za wanachama, na ndiyo inayolipia ukumbi, chai na karatasi. Ya pili ni ya michango ya watu, na haiwezi kununua hata soda ya kikao.

Mtoto wa darasa la tano anaielewa kanuni hiyo mara moja, pengine upesi kuliko wengi wetu. Mpe daftari lenye kurasa mbili, upande huu hela zetu, upande huu hela za watu, kisha muulize keki ya sherehe ya klabu inatoka upande upi. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Kwa nchi zetu, ambako kijana atakua na kukabidhiwa mfuko wa bwawa, wa zahanati au wa chama cha ushirika, sijui somo lingine la uraia linaloweza kufundishwa mapema hivi na kwa gharama ndogo hivi.

Klabu hizi zina watoto wao. Klabu iitwayo Leo ilianza mwaka 1957 katika shule ya sekondari ya Abington, Pennsylvania, chini ya Lions. Interact ilianza Novemba 1962 katika shule ya Melbourne, Florida, chini ya Rotary, kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 18. Interact hutakiwa kufanya angalau kazi mbili kila mwaka, moja ya kusaidia shule au jamii yao na nyingine ya kukuza maelewano kati ya mataifa. Klabu za aina zote mbili zimeenea katika sekondari nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania. Zikiendeshwa inavyopaswa, utamkuta mweka hazina wa miaka kumi na minne amesimama mbele ya wenzake, daftari mkononi, anasoma: mauzo ya maandazi kiasi hiki, kuosha magari ya walimu kiasi hiki, nauli ya kwenda zahanati kiasi hiki, risiti hizi hapa. Anaulizwa kwa nini nauli ilizidi. Anajibu kwamba matatu zilipandisha bei kwa sababu ya mvua. Anaulizwa risiti ya sabuni iko wapi. Jasho linamtoka. Mwalimu mlezi amekaa nyuma, ameuma midomo, hasaidii. Huyo ni mlezi anayejua kazi yake.

Zikiendeshwa vibaya, wazazi hutoa hela zote, mwalimu huchagua mahali pa kwenda, na wanafunzi hupanda basi Jumamosi moja kwenda kwenye kituo cha yatima na magunia ya unga, sabuni na mikate. Wanaimba, wanacheza saa moja, wanapanga mstari pamoja na wenyeji wao kwa picha, wanaondoka. Ningeomba picha hizo zikome. Mtoto wa pale kituoni ana umri ule ule wa mgeni wake, na ana darasa lake ambako kesho atakutana na watu walioiona picha. Dini zetu mbili kubwa zinahimiza sadaka ya siri, na sababu yake moja ni hii hii: kumhifadhia anayepokea uso wake. Kama lazima ushahidi uwepo kwa ajili ya ripoti, risiti inatosha, na barua ya msimamizi wa kituo.

Jambo la pili ninaloliogopa ni zawadi. Felix Warneken na Michael Tomasello, wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, waliwapa watoto wa miezi ishirini nafasi ya kumwokotea mtu kitu kilichomdondoka. Waliowahi kuzawadiwa kitu cha kuchezea kila waliposaidia, baadaye walisaidia kwa uchache kuliko waliosifiwa tu au wasiopewa chochote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na kila nikiona shule inagawa vyeti na alama za tabia njema kwa kila mtoto aliyeleta kopo la maharage, huyakumbuka. Sifa ya neno moja haikuwadhuru watoto wale. "Ahsante, umemfaa" inatosha. Kombe la darasa lililochanga zaidi livunjwe, kwani hilo hupima mifuko ya wazazi na kumwaibisha mtoto wa mama muuza mboga.

Na huyo mtoto wa muuza mboga ndiye tunayemsahau kuliko wote tunapozungumzia malezi haya, tukidhani yeye ni wa kupewa tu. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianzisha kituo cha Starehe jijini Nairobi, kwenye vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya wavulana wa mitaani na yatima waliobaki baada ya miaka ya vita vya Mau Mau. Kituo kikawa mojawapo ya shule zinazoheshimika zaidi Kenya. Wengi wa wavulana wake walisomeshwa kwa misaada ya watu wasiowafahamu, na bado shule ikajenga utaratibu wa huduma ya kujitolea: mwanafunzi hutumia sehemu ya likizo yake akifanya kazi bila malipo hospitalini, katika ofisi za umma na kwingineko. Hana hela, lakini ana mikono na ana likizo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Starehe iliuchukua usemi huo ikaupangia ratiba. Kijana aliyepokea kila kitu tangu utotoni akipewa koti la kujitolea na kuambiwa wodi ya tatu inamsubiri saa moja asubuhi, mgongo wake hunyooka. Haki ya kutoa ni ya maskini pia, na kumnyima ni kumdhulumu.

Kuna somo moja ambalo nyumba peke yake haiwezi kulifundisha, nalo ni subira ya miaka mingi. Hapo klabu ina nguvu kuliko familia. Rotary ilianza na chanjo ya polio huko Ufilipino mwaka 1979, na mwaka 1985 ikatangaza kwamba itachangia kuutokomeza ugonjwa huo duniani. Mwaka 1988, mashirika ya afya ya dunia yalipojiunga katika kazi hiyo, polio ilikuwa ikiwapoozesha watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Matone mawili mdomoni, alama ya wino kwenye kidole kidogo, nyumba inayofuata. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Ni miaka thelathini na mitano tangu ahadi ile. Wanachama waliochanga mara ya kwanza wakiwa na miaka hamsini, wengi wao hawakufika kuisikia habari hiyo. Walichanga bila kujua kama watafika. Msimulie kijana wa Interact mambo hayo kwa tarehe zake, taratibu, kisha mwonyeshe kidole chake kidogo na umuulize kama anakumbuka wino.

Nyumbani, tuanze na kibubu. Mtoto akipata hela zake, za mkono wa Idi, za shangazi wa Krismasi, za kuchuma maembe ya jirani, aamue mwenyewe kiasi gani kiingie kwenye kibubu cha kutoa. Akisema sufuri, iwe sufuri, msimwangalie kwa jicho baya. Yeye ndiye atakayekivunja, na yeye ndiye atakayesema hela ziende wapi, baada ya kwenda kuwauliza wahusika wanahitaji nini. Swali hilo hurukwa sana. Bibi aliyeletewa blanketi la tatu huenda alitaka mtu wa kumsomea maandishi madogo ya dawa zake, na mtoto wa darasa la nne anaweza kazi hiyo bila shilingi hata moja.

Shuleni, klabu iweke siku ya kurudi. Kama mwaka jana wanafunzi walichangia tangi la maji kwenye shule ya msingi ya jirani, mwaka huu wapelekwe wale wale, bila zawadi na bila wimbo. Wafungue bomba waone kama maji yanatoka. Waulize nani ana ufunguo, nani analisafisha tangi, mfereji wa bati uliong'oka utatengenezwa na nani na kwa hela za upande upi wa daftari. Kisha mweka hazina aandike majibu, na kikao kijacho kianzie hapo.